Maswali na majibu: Betri ya kompyuta mpakato na programu inayoitawala

SYDNEY

Kwa familia nyingi za Afrika Mashariki zinazoishi magharibi mwa jiji la Sydney, kuanzia Auburn na Blacktown hadi Liverpool, kompyuta mpakato si chombo cha anasa tena. Ndimo zinamohifadhiwa picha za jamaa waliobaki nyumbani, vyeti vya shule, hati za uhamiaji na barua za mawakili.

Hata hivyo, ni wachache wanaoikumbuka betri ya kompyuta hiyo kabla haijavimba. Na ni wachache zaidi wanaofahamu kwamba betri hutawaliwa na programu ndogo iliyofichika ndani ya mashine, ambayo nayo huhitaji kusasishwa mara kwa mara.

Makala haya yanajibu maswali ya msingi kuhusu mambo hayo mawili, kwa faida ya walio ughaibuni na walio nyumbani.

<b>Programu dhibiti ni kitu gani?</b>

Programu dhibiti ni maagizo yaliyoandikwa ndani ya vipande vya kielektroniki vya kompyuta yenyewe. Haimo katika diski pamoja na barua na picha zako, na haifutiki unapoiweka Windows upya.

Unapobonyeza kitufe cha kuwasha, programu hiyo ndiyo huamka kwanza. Huikagua kumbukumbu, huitambua diski, kisha huikabidhi kazi Windows, Linux au programu nyingine kuu. Sehemu yake inayojulikana zaidi huitwa BIOS, na katika mashine za miaka ya karibuni UEFI.

Iko pia sehemu nyingine isiyotajwa sana. Ni kidhibiti kidogo kinachosimamia feni, kibodi, kiwango cha joto na uchajishaji wa betri. Kidhibiti hiki hubaki macho hata unapodhani kompyuta imezimwa.

<b>Ina uhusiano gani na maisha ya betri?</b>

Uhusiano mkubwa. Kidhibiti hicho ndicho kinachoamua betri ipokee umeme kiasi gani, ianze kuchajiwa ikifika wapi, na isimame lini. Kikiwa na kasoro, au kikifuata kanuni za zamani, betri inaweza kushikiliwa kwenye asilimia 100 usiku na mchana, au feni ikachelewa kuzunguka mashine inapopata moto.

Mfano ulio wazi ni wa Januari 2018. Kampuni ya HP, ikishirikiana na mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani, ilitangaza kuzirudisha betri za baadhi ya kompyuta zake baada ya taarifa 8 za betri kupata moto kupita kiasi, kuyeyuka au kuungua. Tangazo la kwanza lilihusu betri zipatazo 50,000 nchini Marekani, na mwaka 2019 orodha ikaongezwa.

Tatizo lilikuwa kwamba nyingi kati ya betri hizo zilikuwa zimefungwa ndani ya kompyuta, na mnunuzi hangeweza kuzichomoa mwenyewe. HP ikatoa toleo jipya la BIOS lenye hali maalumu ya usalama. Hali hiyo ilipowashwa, betri iliishiwa chaji na haikuweza kuchajiwa tena mpaka ibadilishwe, huku mwenye kompyuta akiendelea kufanya kazi kwa umeme wa ukutani.

Ina maana kwamba aliyesasisha mashine yake aliweza kuituliza betri ya hatari akiwa nyumbani, akimsubiri fundi. Aliyepuuza tangazo alibaki nayo ikiwa hai.

Mwaka 2020, kwa upande wake, Apple iliongeza katika programu kuu ya kompyuta zake uwezo wa kupunguza kiwango cha juu cha chaji pale inapoonekana kuwa betri inachakaa. Dell, Lenovo na Asus nazo zina mipangilio ya namna hiyo katika mashine zao nyingi.

<b>Kwa nini betri huzeeka?</b>

Karibu kompyuta mpakato zote za leo hutumia betri za ayoni za lithiamu. Msingi wake uliwekwa na Stanley Whittingham katika miaka ya 1970, John Goodenough mwaka 1980 na Akira Yoshino mwaka 1985, na Sony ikaanza kuziuza mwaka 1991. Wanasayansi hao watatu walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019.

Malighafi zake zinatuhusu kwa karibu. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa maeneo ya Kolwezi na Likasi, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni. Australia nayo ni miongoni mwa wachimbaji wakubwa kabisa wa lithiamu, na mgodi wake mashuhuri wa Greenbushes uko katika jimbo la Australia Magharibi. Mkongomani anayefungua kompyuta yake mjini Sydney huenda ameshika mkononi udongo wa nchi zake zote mbili.

Ndani ya betri, ayoni za lithiamu husafiri kutoka upande mmoja hadi mwingine wakati wa kuchaji, na hurudi wakati wa kutumia. Kila safari huacha mabaki. Utando mwembamba hujengeka juu ya grafati na kunasa sehemu ya lithiamu, hivyo chaji inayoweza kubebwa hupungua kidogo kidogo.

Uchakavu huo hauzuiliki, bali huweza kucheleweshwa. Maadui wake wakubwa ni joto, kukaa muda mrefu na chaji iliyojaa kabisa, na kuachwa muda mrefu bila chaji yoyote.

<b>Je, ni vibaya kuiacha kompyuta kwenye umeme muda wote?</b>

Kompyuta ya kisasa haiendelei kusukuma umeme ndani ya betri iliyojaa, hukata yenyewe. Kwa hiyo dhana kwamba betri hupasuka kwa "kuchajiwa kupita kiasi" si sahihi kwa mashine nzima yenye chaja halali.

Madhara hutoka kwingine. Betri iliyojaa huwa katika volti yake ya juu kabisa, na hali hiyo huharakisha uchakavu. Ikiunganishwa na joto la mashine inayofanya kazi, miaka mitatu hutosha kuiharibu kabisa.

Mwandishi wa makala haya anayasema haya kwa uzoefu. Kompyuta aliyoondoka nayo nchini mwake ilikaa mezani mjini Sydney kwa takriban miaka mitatu bila kuchomolewa ukutani. Ndani yake mlikuwa na miswada na sauti za mahojiano ambayo hayawezi kurudiwa, kwani baadhi ya waliohojiwa wameshafariki. Kila ujumbe wa kusasisha ulipotokea aliukataa, kwa kuogopa kuvuruga kitu kilichokuwa kikifanya kazi.

Asubuhi moja ya Januari kibodi ilikuwa imeinuka katikati kama andazi. Fundi aliitoa betri salama na diski haikudhurika. Lakini alionyesha kwamba toleo jipya la programu dhibiti, lililokataliwa miezi mingi, lilikuwa limeongeza mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80. Wahenga walishasema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ushauri basi ni huu. Ikiwa kompyuta yako hukaa mezani muda mwingi, tafuta mpangilio wa kikomo cha chaji, ama katika BIOS ama katika programu ya mtengenezaji, na uweke asilimia 80 au karibu na hapo. Siku ya safari unaweza kuirudisha asilimia 100. Kama mashine haina mpangilio huo, ichomoe ukutani mara kwa mara na uiache ishuke hadi asilimia 40 hivi kabla ya kuiunganisha tena.

<b>Joto la Sydney lina athari gani?</b>

Januari 4, 2020, kituo cha hali ya hewa cha Penrith, magharibi mwa Sydney, kilipima nyuzi joto 48.9. Apple huwashauri wateja wake wasizitumie kompyuta zao mahali penye joto linalozidi nyuzi 35. Ndani ya gari lililofungwa juani kiwango hicho hupitwa kwa dakika chache, iwe ni Penrith, Mombasa au Dodoma.

Usiache kompyuta ndani ya gari. Usiitumie juu ya godoro au mto, kwa sababu matundu ya hewa huzibwa. Safisha vumbi la feni, hasa kwa walio nyumbani katika maeneo ya vumbi jekundu. Aidha, usiichaji mashine iliyotoka kwenye baridi kali kabla haijapata uvuguvugu wa chumba.

<b>Fundi aliniambia nimalize chaji yote kwanza. Ni kweli?</b>

Ushauri huo, pamoja na ule wa kuichaji betri mpya kwa saa nyingi kabla ya kuitumia, ulitokana na betri za zamani za nikeli na kadimiamu. Bado husikika Kariakoo na barabara ya Luthuli mjini Nairobi, lakini hauzihusu betri za lithiamu. Kwa hizi, kuimaliza chaji kila siku ni kuzichosha.

Kuna jambo moja tu linalofanana na hilo. Ikiwa kompyuta huzimika ghafla huku ikionyesha asilimia 20, huenda kipimo chake kimepotoka. Kuijaza hadi mwisho, kuitumia mpaka izimike, kisha kuijaza tena kwa mkupuo mmoja huweza kukirekebisha kipimo. Lakini hilo halirudishi uwezo wa betri uliokwisha kupotea.

<b>Nitajuaje hali ya betri yangu?</b>

Katika Windows, fungua dirisha la amri na uandike powercfg /batteryreport. Kompyuta itaandaa ripoti yenye tarakimu mbili muhimu: uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wake wa sasa ikijaa. Ikiwa ya kwanza ni wati-saa 50 na ya pili ni 38, betri imebakiwa na asilimia 76 ya nguvu zake.

Katika kompyuta za Apple, taarifa hiyo imo katika mipangilio ya betri. Kompyuta hizo pia huhesabu mizunguko. Mzunguko mmoja ni jumla ya asilimia 100 ya chaji iliyotumika, hata kama ilitumika kwa siku mbili. Apple huzikadiria betri za kompyuta zake nyingi za miaka ya karibuni kufikia mizunguko 1,000 kabla ya kuhesabiwa kuwa zimechakaa.

<b>Nijitayarishe vipi kabla ya kusasisha programu dhibiti?</b>

Kusasisha huku si sawa na kusasisha programu za kawaida. Umeme ukikatika katikati, mashine inaweza kukataa kuwaka kabisa. Fuata utaratibu huu:

1. Nakili kwanza mafaili yako muhimu kwenye diski ya nje, na ikiwezekana mahali pa pili pia.

2. Andika jina kamili la modeli ya kompyuta na toleo la programu dhibiti lililomo. Modeli mbili zenye majina yanayokaribiana huweza kuhitaji programu tofauti.

3. Chukua toleo jipya kwa mtengenezaji mwenyewe tu, au kupitia masasisho ya Windows. Katika kompyuta za Apple huja pamoja na programu kuu. Wanaotumia Linux wanaweza kutumia fwupd kwa mashine nyingi.

4. Kompyuta nyingi za Windows huifunga diski kwa BitLocker. Tafuta ufunguo wa kuifungulia, wenye tarakimu 48, na uuandike kando. Kisha simamisha ulinzi huo kwa muda. Wapo waliofungiwa nje ya mafaili yao wenyewe baada ya kusasisha bila kuwa nao.

5. Chaji betri ipite nusu, na uache chaja ikiwa imeunganishwa. Katika maeneo yenye mgao wa umeme, chagua saa ambayo umeme huwa wa uhakika. Kama betri imekufa kabisa, usiendelee bila kifaa cha akiba ya umeme.

6. Ukishaanza usiguse chochote. Skrini inaweza kuwa nyeusi kwa dakika kadhaa na kompyuta ikajizima na kujiwasha zaidi ya mara moja. Hilo ni jambo la kawaida.

7. Ukimaliza, ingia kwenye mipangilio na uhakikishe kikomo cha chaji bado kipo. Wakati mwingine kusasisha hurudisha mipangilio yote ilivyokuwa kiwandani.

<b>Na kama mashine haikuwaka tena?</b>

Subiri kwanza, hata nusu saa. Watengenezaji wengi wameweka nakala ya akiba ya programu dhibiti ndani ya mashine, na ipo njia ya kuiita kwa kubonyeza vitufe maalumu au kutumia kidiski cha USB. Maelekezo hutofautiana kwa kila modeli, hivyo yasome kwa mtengenezaji ukitumia simu au kompyuta nyingine. Ikishindikana, mpelekee fundi na mweleze kwa usahihi ulichokuwa ukifanya. Mafaili yaliyomo kwenye diski kwa kawaida huwa hayajaguswa.

<b>Je, kuna hatari ya kutosasisha kabisa?</b>

Ipo, na si ya betri pekee. Septemba 2018 kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET ilitangaza kugundua LoJax, programu hasidi iliyokuwa ikijificha ndani ya UEFI. Kwa kuwa haikai kwenye diski, haiondoki hata diski ikibadilishwa. Waathirika waliotajwa walikuwa ofisi za serikali za mataifa ya Balkani na ya Ulaya ya kati na mashariki.

Kwa waandishi wa habari, watetezi wa haki na wengine waliokimbia makwao, kompyuta inayosikiliza kwa niaba ya mtu mwingine inaweza kuyahatarisha maisha ya jamaa waliobaki nyuma. Masasisho huziba baadhi ya mianya hiyo. Aidha, vyeti vya usalama vya mwaka 2011 ambavyo kompyuta nyingi za Windows huvitegemea wakati wa kuwaka vilipangwa kuanza kumaliza muda wake Juni 2026, na baadhi ya mashine huhitaji programu dhibiti mpya ili zipokee vingine.

<b>Betri imevimba. Nifanye nini?</b>

Acha kuitumia na kuichaji papo hapo. Zima kompyuta na uiweke mbali na vitu vinavyoshika moto. Usiibonyeze ili ikae sawa, usiitoboe kutoa hewa, na usijaribu kuitoa kwa bisibisi kama huna ujuzi. Hakuna sasisho linaloweza kuiponya betri iliyovimba.

Ukiona moshi, toka nje na watu wote kisha upige simu. Nchini Australia namba ni 000. Nchini Tanzania Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa 114.

Usiitupe betri kwenye pipa la taka la nyumbani, hata lile la vitu vya kuchakatwa, kwa kuwa huweza kuwaka ikibanwa ndani ya lori. Betri nzima huweza kupelekwa kwenye vituo vya mpango wa B-cycle, ulioanza mwaka 2022, ambavyo vingi vimo katika maduka makubwa. Iliyovimba inahitaji mapokezi maalumu: iulize kwanza halmashauri ya mtaa wako. Asiyejimudu kwa Kiingereza anaweza kupata mkalimani kwa namba 131 450.

<b>Nataka kupeleka kompyuta nyumbani. Kuna masharti?</b>

Betri isiyozidi wati-saa 100 huruhusiwa ndani ya ndege, na kompyuta nyingi ziko chini ya hapo. Kati ya 100 na 160 huhitaji ruhusa ya shirika la ndege. Kama wati-saa hazikuandikwa, zidisha volti kwa ampea-saa: betri ya volti 11.4 na ampea-saa 4 ina wati-saa 45.6.

Betri za akiba na pawabenki lazima zikae kwenye mzigo wa mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa. Sababu ilionekana Julai 21, 2025, moto ulipozuka ndani ya kabati la mizigo la ndege ya Virgin Australia iliyotoka Sydney kwenda Hobart, pawabenki ikishukiwa kuwa chanzo. Betri iliyovimba au iliyotangazwa kurudishwa kiwandani haipaswi kupandishwa ndege.

Kwa kompyuta itakayosafiri kwa meli, iache na chaji ya nusu na uizime kabisa. Na uisasishe ukiwa bado Sydney, ambako umeme haukatiki mara kwa mara. Chaja nyingi hukubali volti 100 hadi 240, hivyo Kenya, Tanzania na Uganda huhitaji plagi tofauti tu, pamoja na kinga dhidi ya umeme unaopanda na kushuka.

<b>Mnunuzi ana haki gani?</b>

Sheria ya walaji ya Australia, iliyoanza kutumika Januari 1, 2011, hutaka bidhaa idumu kwa muda unaostahili. Haki hiyo haikomi siku ile ile muda wa waranti unapokwisha. Hifadhi risiti, na muuzaji akikukatalia wasiliana na idara ya biashara ya haki ya New South Wales. Orodha ya bidhaa zinazorudishwa hutolewa na tume ya ushindani na walaji ya Australia.

Aliyenunua kompyuta iliyotumika, au aliyepelekewa zawadi kutoka ng'ambo, naye anaweza kulinganisha namba ya mashine yake na matangazo ya mtengenezaji. Betri za HP za mwaka 2018 zilibadilishwa bila malipo. Lakini tangazo halimfikii mtu ambaye jina lake halimo katika vitabu vya muuzaji, na wengi wa wasomaji wetu wako katika kundi hilo. Kazi ya kuulizia ni yao wenyewe, na inachukua dakika chache tu.